Kwanini matokeo ya urais Bongo hayapingwi mahakamani?

mtu_wa_kigoma: Wakuu naomba kueleweshwa, Kenya 2017 Mahakama ya Juu ilifuta ushindi wa Uhuru uchaguzi ukarudiwa, sisi ushindi wa mbunge unapingwa mahakamani vizuri tu ila rais haguswi, kwanini?

Kibo77: Soma ibara ya 41(7) ya Katiba, tume ya uchaguzi ikishatangaza rais hakuna mahakama ya kuchunguza. Nyie wapinzani kila mkishindwa mnataka kesi, nchi itatulia lini?

MamaTatu: Kibo acha uchama bana, mi mwenyewe kadi ya kijani ya CCM ninayo ila hili hapana, rais ndo anateua mwenyekiti wa tume alafu asihojiwe popote? Mahakama ya Afrika pale Arusha 2020 ilishasema ibara hiyo inavunja haki, na Katiba Inayopendekezwa ya 2014 iliruhusu kupinga, kura ya maoni ndo haijapigwa mpaka leo

mtu_wa_kigoma: Asante mama, hapo nimekupata