Naomba ushauri: nisubiri gari ya Dodge Charger mpya au nichukue Challenger ya 2023?

Wakuu salama? Niko huku Ohio, kuna yadi nimeweka dipoziti dola 1,000 ya Dodge Charger mpya ya petroli, ile Sixpack (injini ya silinda sita) yenye nguvu za farasi 550, jamaa aliniambia wiki sita, sasa miezi minne imepita na kila nikipiga simu naambiwa iko njiani, mpaka wife ananicheka eti hiyo gari inakuja kwa miguu.

Kusubiri naweza, ninachoogopa ni kingine. Dodge walisimamisha Charger na Challenger za V8 (injini ya silinda nane) mwisho wa 2023, wakatanguliza ya umeme inayonguruma kwa spika (jamani!), wapenzi wa V8 wakaisusa, toleo lake la R/T ya umeme likaondolewa kwenye orodha ya 2026. Hii ya petroli imefuata nyuma, tena inaundwa Windsor, Canada, na toka 2025 kuna ule ushuru wa Marekani kwa magari ya nje, sasa hapo faida wanaitoa wapi? Wakiona hailipi si wataiua, mi nibaki na gari isiyouzika?

Upande wa pili nimeona Challenger Scat Pack ya 2023, V8 lita 6.4, maili 31,000. Tairi za nyuma zimelika vibaya upande wa ndani, na ikiwashwa ya baridi inagonga tik tik tik kama dakika mbili halafu inanyamaza. Muuzaji anasema boliti za manifoldi (bomba la moshi linapoungana na injini) tu. Ni kweli au napigwa? Na dipoziti nikiidai watanirudishia?