Mama ameambiwa ang'olewe meno yote yaliyobaki. Ni kawaida?

Binti_Arua:
Shikamooni wakubwa, wengine habari zenu. Mama ana miaka 63. Amebakiwa na meno saba: sita ya chini mbele, na gego moja la juu linalocheza hata kwa ulimi. Kila akipiga mswaki damu inatoka. Daktari anashauri yote yang'olewe awekewe bandia. Mama kakubali upesi, eti uzee ndio huo, hata bibi alikufa kibogoyo. Roho yangu inakataa. Hivi wagonjwa wanaofikia kukosa meno yote ni wengi kiasi hicho?

Mhudumu_Jinja:
Pole dada. Nafanya kazi chumba cha meno. Kibogoyo kabisa tunawaona, lakini waliopoteza machache ndio wengi zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2022 kwamba kati ya watu wa miaka 20 na zaidi, karibu asilimia 7 hawana jino hata moja. Kwa waliofika 60 na kuendelea ni asilimia 23. Yaani hata wazee, walio wengi bado wana meno. Uzee peke yake haung'oi jino. Yanayong'oa ni kuoza na ugonjwa wa fizi, na watu wetu huja maumivu yameshawashinda, wakati kuziba hakuwezekani tena. Inauma sana kuona hivyo kila wiki.
Mama amepimwa sukari? Kisukari kisichodhibitiwa huharibu fizi, na kidonda huchelewa kupona.

Mzee_wa_Bombo:
Mwanangu, mimi yangu yalikwisha yote. Bandia za juu zinashika vizuri kwenye kaakaa. Za chini ndizo matata, ulimi unazisukuma nikiongea. Nyama choma nimeiaga. Kama hayo sita yana nguvu, mwachieni mama.

Kasese_Juu:
Sikubaliani sana. Baba yetu tulimbembelezea meno mabovu, usaha ukawa hauishi, akaishia kunywa uji tu. Yalipotolewa ndipo alipolala. Bovu litoke.

Mhudumu_Jinja:
Wote mna haki, ndiyo maana apigwe picha kwanza, jino moja moja liangaliwe. Yakibaki hata mawili imara chini, bandia inapata pa kujishikiza. Mkitoa yote, mfupa wa taya hupungua, hasa mwaka wa kwanza, na bandia hulegea mpaka irekebishwe. Muulizeni daktari hivi: lipi halina budi kutoka, na kwa nini? Mtafute na daktari wa pili.

Binti_Arua:
Asanteni sana. Sukari hajawahi kupimwa, tutaanzia hapo. Mzee, usiku bandia unaziweka wapi?

Mzee_wa_Bombo:
Nazivua, nazisugua kwa brashi na sabuni, nazilaza kwenye kikombe cha maji ya kawaida. Ya moto hapana, zitapinda.