Mrejesho: Kichefuchefu ndani ya miwani ya uhalisia pepe

Ndugu zangu, niliuliza kwa nini napatwa na kichefuchefu kila ninapotembea kwa kijiti (kile cha kusukuma kwa kidole gumba kwenye kidhibiti cha mkononi) katika michezo ya uhalisia pepe (VR), ile ya kuvaa miwani inayokuonyesha ulimwengu wa kompyuta pande zote. Mlinieleza kwamba macho huona mwendo ilhali sikio la ndani, linalohisi mwendo wa mwili, halihisi chochote. Basi katika mchezo wa Half-Life: Alyx niliacha kutembea mfululizo, nikachagua kuhamishwa na mchezo mara moja kutoka mahali hadi mahali, na kugeuka kwa mikato ya ghafla ya nyuzi 45 badala ya kuzunguka polepole, jambo lililonisaidia kuliko yote. Feni niliyoiweka mbele yangu hunipuliza usoni, nami hutambua nimeelekea wapi. Kosa langu (ubishi tu) lilikuwa kujikaza kuendelea kucheza huku jasho likinitoka. Sasa mate yakianza kunijaa mdomoni, navua miwani papo hapo. Kutembea kwa kijiti bado kunanishinda baada ya dakika kumi.