Fundi kabandika tepu nyeusi juu ya taa ya TRC (kizuia tairi kuteleza), halafu ananiambia "SI IMEZIMA?"

MwanaGoba (mleta mada)

Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Ndiyo kwanza natoka gereji, na nisipoyatoa haya hapa usiku wa leo nitamng'ata mtu.

Yule fundi mnamjua. Yule wa ovaroli ambalo halijaona sabuni tangu enzi za Mwalimu, anayeongea na tochi mdomoni, kila gari analijua "toka likiwa tumboni". Msinilazimishe kumtaja.

Nilimpelekea Toyota Vanguard yangu, beringi ya mbele kushoto ilikuwa inavuma. Kabadilisha. Sijafika hata lami, dashibodi imewaka kama harusi: ABS (ya kuzuia tairi zisijifunge ukipiga breki), VSC (ya kuzuia gari lisiserereke) na hiyo TRC, zote kwa mpigo. Narudi, ananiambia "vumbi hilo bosi, litaisha lenyewe". Halikuisha. Nikamwachia gari, kalala nalo, asubuhi ananipigia: njoo uchukue, nimefunga sensa mpya, taa zote zimezima, laki moja na ishirini. Nikatoa.

Jana mvua imenikuta kwenye kile kilima cha Goba ambacho hakina lami. Tairi la mbele kushoto linazunguka peke yake, linarusha tope mpaka kwenye karai la mama wa vitumbua. Gari halipandi, linakwenda ubavu ubavu kuelekea mtaroni, na mwanangu yumo ndani analia. Na dashibodi KIMYA. TRC ikiwa nzima taa yake inamwekamweka, unasikia breki zinakoroma huko chini, nguvu ya injini inapunguzwa hata kama umekanyaga mafuta mpaka sakafuni. Mimi sikupata hata kimoja.

Leo nikafungua swichi bila kuwasha injini. Kila mwenye gari anajua hapo taa zinawaka sekunde chache kujipima, kisha zinazima. Ya betri ikawaka, ya injini ikawaka, ya eabegi ikawaka. Zile tatu, giza. Kijana mmoja wa umeme kanifungulia dashibodi.

WAKUU. TEPU NYEUSI. Vipande vitatu, vimekatwa kwa mkasi, kimoja kapunguza kona ili kisizibe taa ya mkanda iliyo jirani. Yaani umakini wote alioukosa kwenye beringi kauweka kwenye tepu!

Nikampelekea zile tepu mkononi. Mbele ya vijana wake, mbele ya mama ntilie, mhogo mdomoni, ananijibu: "Bosi, si ulitaka taa izime? Si imezima?" Gereji nzima ikacheka. Mpaka mteja mwingine aliyekuwa anasubiri clutch yake akacheka.

SI IMEZIMA! Mwanangu angeingia mtaroni, SI IMEZIMA!

kipara_wa_Tabata

Uzi bila picha ya tepu haunogi.

Dada_Mkavu

Namjua huyo hahahaa. Mimi aliniambia gari linalia kwa sababu limenizoea.

MwanaGoba

Picha zipo, intaneti inasumbua. Lakini jamani mnaelewa alichoniambia? Na mhogo mdomoni!

babu_gia

Mleta mada punguza jazba nikusaidie. Hizo taa tatu zinakula sahani moja. Kila tairi lina sensa inayohesabu mzunguko, na kompyuta ya ABS ndiyo inayolinganisha. Tairi la kuendesha likizunguka kasi kuliko mengine, inajua limeteleza: inalibana breki hilo moja na kuiambia injini ipunguze nguvu. Sensa moja ikinyamaza, kompyuta haina cha kulinganisha, inazima ABS, VSC na TRC kwa pamoja na kukuwashia taa.

Na kwako jibu liko wazi. Beringi nyingi za siku hizi zina ukanda wa sumaku upande mmoja, na upande huo ndio unaotakiwa kuitazama sensa. Huyo kaipresi kinyume. Hapo hata ufunge sensa kumi mpya, haitasoma kitu. Kapime na mashine inayoingia kwenye ABS, siyo kale kadude ka simu kanakosoma injini tu. Kwa Toyota, ukikuta kosa namba C0205 hiyo ni sensa ya mbele kushoto. Halafu dai sensa yako ya zamani, nina shaka kama alifunga mpya.

MwanaGoba

Mkuu Mungu akubariki! Jioni hii imepimwa, C0205 hiyo hiyo! Na sensa ina kutu ya miaka mingi, hakuna kipya pale! Laki moja na ishirini ya TEPU! Halafu "si imezima"!

mzungu_wa_Mbagala

Laki na ishirini gawa kwa tatu, elfu arobaini kila kipande. Hiyo tepu imetoka Ulaya.

Nyamwezi_halisi

Mnalia na kitu ambacho hata hakina kazi. Mimi gari likinasa kwenye tope nazima TRC kabisa, natoka.

babu_gia

Kunasa ni jambo jingine. Ukiwa umezama, TRC inakukata nguvu wakati unahitaji tairi lizunguke, ndiyo maana kuna kitufe cha kuizima. Ukishatoka, unairudisha. Mwenzio yuko kilimani na mtoto, mvua inanyesha, anadhani anayo kumbe hana. Usichanganye watu.

mama_Kluger

Samahani babu_gia, yangu inawasha ya injini na VSC pamoja. Fundi anasema ninunue kompyuta ya ABS, milioni na kitu. Ni kweli?

babu_gia

USINUNUE. Toyota nyingi injini ikiwa na kosa, TRC na VSC zinazimwa makusudi, kwa sababu mfumo unategemea injini itii ikiambiwa ipunguze nguvu. Tibu kosa la injini kwanza, mara nyingi zote zinaondoka. Na kama zimewaka baada ya alaimenti (kunyoosha tairi), waangalie sensa ya usukani, inahitaji kuwekwa sifuri upya. Na wewe uliyefunga tairi za saizi mbili tofauti, kompyuta ikaona kama moja linateleza, unajijua.

kipara_wa_Tabata

Mbona kama ananisema mimi.

Mkenya_mpole

Pole sana ndugu. Huku Nairobi makanika wangu alitoa balbu kabisa, akaniambia ilikuwa inakula betri.

MwanaGoba

Afadhali huyo alitoa balbu, hakukuchekea mbele ya mama ntilie! Watu wanaona ni kichekesho, mimi nimeona mtaro kwenye dirisha la mwanangu!

Dada_Mkavu

Mafundi gari wana nafuu. Fundi wangu wa friji kachukua gesi ya laki, friji sasa linachemsha maji.

Nyamwezi_halisi

Fundi cherehani je? Nimepeleka kitambaa cha Idi, hii sasa Krismasi, kila nikipiga "nipo kwenye vifungo".

mama_Kluger

Wa kwangu alinishonea gauni, mkono mmoja mrefu. Nikamuuliza, akasema ndiyo fasheni.

mzungu_wa_Mbagala

Huyo wa gauni yuko Mbagala Rangi Tatu? Mwembamba, ana kamba ya kupimia shingoni hata akiwa msibani?

mama_Kluger

HUYO HUYO!!!

Dada_Mkavu

Fungueni uzi wake jamani, ana suruali ya mume wangu.