Tupeane uzoefu: kijana wa Kifilipino hupumzika vipi, na hutoka na nani?

Mkulima wa Mbarali (mwanzisha uzi)

Ndugu wanajamvi, salamu kwenu. Wengi wetu tumeishi au kufanya kazi na Wafilipino, wengine melini, wengine katika nchi za Ghuba, wengine huko huko kwao, lakini tukiwazungumzia huwa tunaishia kwenye kazi na mishahara. Katika uzi huu ningependa tuelezane mambo ya siku ya mapumziko: kijana wa Kifilipino hutoka na nani, huenda wapi, na moyo wake uko kwenye burudani gani. Ombi langu ni kwamba kila mtu asimulie alichokiona kwa macho yake.

Naanza mwenyewe. Nilikaa miezi minne Los Baños, mkoa wa Laguna, nikijifunza uzalishaji wa mbegu za mpunga katika Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mpunga, ambayo ilianzishwa mwaka 1960. Nilipanga chumba kwa familia moja yenye kijana wa miaka 19, mwanafunzi wa chuo, ambaye tulizoeana haraka kwa sababu tangu siku ya kwanza aliniita Kuya, yaani kaka mkubwa. Jumamosi moja aliniambia kwamba jioni tungekwenda kuogelea Pansol, nami nikatoka chumbani na taulo begani nikidhani tunakwenda wawili. Nje nilikuta watu 17 wakipakia vitu kwenye jeepney ya kukodi, ambayo ni daladala ya kwao: bibi, shangazi, wajomba, watoto wachanga, ndoo ya sato waliokwisha kutiwa viungo, mfuko wa mkaa, sufuria mbili za adobo (nyama iliyopikwa kwa siki na mchuzi wa soya), na jiko la umeme la kupikia wali ambalo bibi alilipakata njia nzima kama mjukuu.

Pansol ni kitongoji cha mji wa Calamba, chini ya mlima Makiling, na kwa kuwa mlima huo ni volkano iliyolala, maji yanayochimbuka pale hutoka yakiwa ya moto. Wenyeji wamejenga mabwawa ndani ya nyua za nyumba zao na huzikodisha kwa familia usiku kucha. Watu waliingia majini na fulana na kaptula zao, na kijana wetu alivaa jezi ya mpira wa kikapu yenye jina la ukoo mgongoni, nguo ambayo niligundua baadaye kuwa huifanyia kila kitu isipokuwa kwenda kanisani. Saa sita za usiku tulikula wali na samaki wa kuchoma, kisha kikaja kile nilichokuwa nikikiogopa tangu nilipoiona ile mashine kwenye kona, nayo ni karaoke. Kijana alinieleza kwa fahari kwamba Mfilipino mwenzake, Roberto del Rosario, alipewa hataza ya mashine ya kuimbia katika miaka ya 1980, na kwamba kwa sababu hiyo mgeni hana ruhusa ya kukataa kipaza sauti. Kwetu, mtu mzima akiimba mapenzi mbele ya wakwe zake bila kulewa, kikao cha ukoo kinaitishwa.

Mashine yenyewe hutoa alama mwisho wa kila wimbo. Kijana aliimba kwa sauti safi, macho ameyafumba, mkono uko kifuani, ikampa 71. Bibi akaimba huku amebeba mtoto, mistari mingine ameisahau na kuijaza kwa mluzi, ikampa 98. Hakuna aliyepinga alama hizo, na kijana alichekwa mpaka kulipokucha. Jumatatu alikuwa na mtihani, lakini hakuna aliyemuuliza kama anataka kuja, wala yeye hakuona kwamba lilikuwa jambo la kuulizwa. Alibeba daftari lake na kulisoma kando ya bwawa, kati ya wimbo na wimbo.

Karibuni.

Mama Wawili wa Doha

Asante kwa uzi. Mimi ni mtu wa Mombasa, nafanya kazi Doha mwaka wa saba sasa, na ninakaa chumba kimoja na binti wa Kifilipino wa miaka 24 kutoka Bulacan. Ananiita Ate, dada mkubwa, nami namwita mdogo wangu. Nitasimulia matembezi ya familia ambayo nimehudhuria mara nyingi bila kukanyaga nchi yao.

Familia yake hutoka Jumapili baada ya misa. Jumapili hapa Qatar ni siku ya kazi, lakini kwa kuwa wao wametutangulia kwa saa tano, saa sita mchana yao huwa saa moja asubuhi yetu, kwa hiyo binti hunywa chai yake kitandani huku yuko matembezini kwa njia ya simu. Huwa wanakwenda kwenye jumba la maduka. Zamani nilikuwa nikiwaona watu wa ajabu, kwamba familia nzima inavaa viatu vya kutokea ili kwenda kutembea katikati ya maduka na kurudi na mkate, mpaka nilipoelewa kwamba kule joto ni kali, nyumba ni ndogo, na kiyoyozi cha dukani hakilipiwi. Baadhi ya majumba hayo yana hata kanisa ndani, kwa hiyo mtu anaweza kusali, kula, kunyoa na kulipia umeme bila kutoka nje.

Baba yake huibeba simu kifuani, kamera ikitazama mbele, na hivyo binti huona kila anachokiona baba, yaani visigino vya watu wengi. Dukani humuuliza achague mafuta gani na sabuni gani, na si ajabu, kwa sababu fedha ni zake. Kisha huenda Jollibee, mkahawa ambao Tony Tan Caktiong aliuanza mwaka 1975 kama duka la aiskrimu huko Quezon City na ambao leo una matawi hata hapa Doha. Simu huegemezwa kwenye boksi la kuku, na kila wiki naona sahani zile zile: kuku wa kukaanga na wali, na tambi zenye mchuzi mtamu uliokatiwa soseji. Nilionja tambi hizo. Sukari ndani ya mchuzi wa nyama ni jambo ambalo bado sijalikubali, lakini wanangu wakija likizo hawaombi kingine.

Burudani anayoipenda binti mwenyewe ni kujaza boksi. Wafilipino walioko nje hutuma kwao boksi kubwa la karatasi ngumu wanaloliita balikbayan, na la kwake hukaa chini ya kitanda miezi mitatu au minne likijaa polepole: chokoleti, dawa za meno, kopo za nyama, taulo. Siku zake za mapumziko huzimaliza akilipanga upya, kwa sababu kila anapoongeza kitu lazima atoe vyote ndipo kienee. Mwaka jana mdogo wake wa kiume aliomba viatu vya mpira wa kikapu, na kwa kuwa hawakuaminiana kuhusu saizi, alichora nyayo zake kwa kalamu kwenye karatasi na kumpa mtu wa mtaani kwao aliyekuwa akisafiri kuja huku. Tulizunguka maduka matatu na karatasi ile, tukiiweka ndani ya kila kiatu, na wauzaji wakitutazama tu.

Mvuvi Mstaafu, Kigoma

Naomba kuuliza. Kila anayewataja anataja mpira wa kikapu. Je, mpira wa miguu hawauchezi kabisa?

Baharia wa Mikindani

Mzee wangu, shikamoo. Wanaucheza, ila mpira wa kikapu kwao ni kama damu. Nimesafiri na Wafilipino kwenye meli za mizigo miaka 11, na katika karibu kila meli niliyopanda nimekuta pete ya chuma imechomelewa mahali fulani, mara nyingi sitaha ya nyuma. Mpira haudumu, maana upepo ukiuchukua umekwenda. Katika meli moja tulipoteza mipira miwili kabla ya kufika Suez, na serahangi, ambaye alikuwa Mfilipino, akatengeneza wa tatu kwa vitambaa na utepe wa gundi. Haukudunda hata kidogo, lakini mechi ziliendelea kwa kanuni mpya kwamba hakuna kudundisha.

Palikuwa na kadeti wa miaka 21 kutoka Batangas ambaye alinisimulia kiwanja cha mtaa wao. Wamarekani ndio waliopeleka mchezo huo wakati wakiitawala nchi ile, na leo ni nadra kukuta mtaa usio na kiwanja. Cha kwao kimeezekwa bati, na hapo hapo hufanyika harusi, chanjo za watoto, hata matanga. Miezi ya joto, hasa Aprili na Mei shule zikiwa zimefungwa, huwa na ligi ya mtaa, na matembezi ya familia nyingi miezi hiyo ni kwenda kumtazama mtoto wao akicheza. Mama yake huja na feni ya mkononi na chupa ya maji iliyogandishwa. Dada zake humzomea mwamuzi. Baba husimama peke yake nyuma ya goli kwa sababu hawezi kutazama akiwa ameketi. Wengi hucheza na ndala. Kadeti aliniambia kwamba alipata viatu vya kweli akiwa na miaka 16, na kwamba mechi ya kwanza alipovivaa alicheza vibaya kuliko siku zote kwa kuhofia kuvichafua.

Tarehe 25 Agosti 2023 tulikuwa tumetia nanga nje ya Colombo. Kombe la Dunia la mpira wa kikapu lilifunguliwa kwao siku hiyo, Ufilipino dhidi ya Jamhuri ya Dominika, na watu 38,115 walijaa ndani ya ukumbi wa Philippine Arena huko Bocaue, rekodi ya mashindano hayo. Intaneti ya meli ilikuwa ya kukatika, kwa hiyo picha iliganda, ikaruka, ikaganda tena, na kila ilipoganda kadeti aliomba dua kwa sauti. Walifungwa 87 kwa 81. Mpishi hakupika chakula cha usiku, na hakuna aliyekidai.

Nusu Iloilo Nusu Mombasa

Shikamooni wakubwa. Baba yangu ni baharia mstaafu wa Mji wa Kale, Mombasa, mama ni Mfilipino wa Iloilo, na nimezipitisha likizo nyingi kwa bibi mzaa mama. Nianze na swali la mzee wa Kigoma, kwa sababu linahusu kwetu hasa. Mji wa Barotac Nuevo, katika mkoa wetu wa Iloilo, unajulikana nchi nzima kwa mpira wa miguu, na binamu zangu wa huko hawaushiki mpira kwa mikono. Mwaka 2023 timu ya wanawake ya Ufilipino iliifunga New Zealand 1 kwa 0 katika Kombe la Dunia, ugenini Wellington, kwa bao la Sarina Bolden, na bibi yangu, ambaye hajui kanuni hata moja, aliamini kwamba wameshachukua kombe.

Tahadhari ndogo: si kila Mfilipino huzungumza Kitagalogi nyumbani. Sisi ni Kihiligaynon. Lakini adabu ya kuamkia ni moja, mdogo huuchukua mkono wa mkubwa na kuugusisha kwenye paji la uso wake. Mara ya kwanza nilipofika nikiwa na miaka tisa nilifanya nilivyofunzwa Mombasa, nikauinamia mkono wa bibi ili niubusu, naye kwa wakati huo huo akausukuma kuelekea kwenye paji langu, ukanigonga pua mpaka ikatoka damu. Hadithi hiyo husimuliwa kila Krismasi.

Alichonivutia nacho ni sungka. Ni bao, ndugu zangu, lakini lenye safu mbili tu za mashimo saba saba, na shimo kubwa kila mwisho la kuwekea akiba. Kete ni kauri, saba kila shimo, na wachezaji wawili huanza kusambaza kwa pamoja bila kungojeana, kwa hiyo mikono hupishana na mwenye kasi hupata faida. Mimi niliyelelewa nikiwatazama wazee wakifikiri dakika nzima juu ya bao la mashimo 32 nilidhani ni mchezo wa watoto. Bibi alinifunga michezo sita mfululizo. Mashimo huitwa nyumba kwa lugha yao, na ukikosa kete za kulijaza shimo lako katika duru inayofuata husemwa nyumba hiyo imeungua na hairuhusiwi kutumika. Nilibakiwa na nyumba mbili.

Na kama mnataka matembezi ya familia yasiyofanana na ya kwetu kabisa, basi ni tarehe 1 Novemba. Familia nzima huhamia makaburini na viti, mikeka, mwavuli, sufuria za tambi na mishumaa, na kukaa huko mpaka usiku. Mara ya kwanza nilishtuka, maana kwetu mtu huingia makaburini, akasoma dua, akatoka. Kule binamu zangu walikuwa wameegemea kaburi la babu wakicheza Mobile Legends kwenye simu, watano kwa watano, na bibi aliwakaripia kwa kelele tu, hakuwakaripia kwa kucheza. Watoto wadogo hawana simu, kwa hiyo hupita kaburi kwa kaburi wakiokota nta iliyochuruzika na kuifinyanga madonge, anayepata donge kubwa ndiye mshindi, na wengine huyauza. Nilijiunga nao. Donge langu lilifikia ukubwa wa chungwa, likiwa na rangi nyeupe, nyekundu na njano zilizochanganyika, nikalipakia kwenye begi kati ya nguo. Nilipofungua Mombasa lilikuwa limelainika kwa joto na kushika mkunjo wa shati, na mpaka leo liko dirishani kwangu likiwa na alama ya kifungo.