Naombeni ushauri: nataka mtufaha wa nyumbani usipotee

Mleta uzi: Habari zenu wakuu. Bustani ya matufaha niliyokulia imebakiwa na mtufaha mmoja tu, na bado unazaa. Matunda yake ni madogo, yana michirizi myekundu. Ukiuma unaanza ukali, utamu unafuata. Tulikuwa tunayahifadhi darini, nyumba nzima inanukia. Nimetoa mbegu. Nizipandeje?

Kisiki: Mbegu hazitakupa tunda lile, mkuu. Kila mbegu ya tufaha huja na tabia yake. Bebesha, yaani unganisha kikonyo (kijitawi cha mti huo) kwenye shina la mtufaha mwingine. Bramley, aina ya tufaha ya Uingereza, ilianzia kwenye mbegu iliyopandwa Southwell mwaka 1809. Zote zilizofuata zimetokana na vikonyo.

Mama Wawili: Umenikumbusha bibi yangu jamani! Alitukataza kuchuma, tunaokota yaliyoanguka. Upande wenye funza tunaukata, uliobaki tunagombania. Wanangu wakiona doa tu, wanatupa.

Bundi: Haraka ya nini? Mti si upo?

Mleta uzi: Bustani imeuzwa. Mnunuzi atang'oa.

Bundi: Imeuzwa na nani?

Mleta uzi: Na sisi ndugu. Nami nilitia sahihi. Hakuna anayeishi kule, na mti usiopogolewa unadhoofika taratibu. Mbegu ziko kwenye friji, ndani ya mchanga wenye unyevu. Naona niendelee nazo.

Mzee wa Busara: Mwanangu, urithi hugawanywa baada ya kukaa kikao. Mngemuachia mmoja wenu autunze.

Bundi: Hii chai. Mitufaha karibu yote huhitaji chavua ya aina nyingine ili izae. Umebaki peke yake, unazaaje?

Mleta uzi: Sina sababu ya kudanganya. Nyuma ya ua kuna matufaha-pori, nyuki wanavuka.

Kisiki: Inawezekana kabisa, matufaha-pori huchavusha vizuri. Basi baba wa mbegu zako ndiye huyo, tegemea vitunda vichungu. Muombe mnunuzi ruhusa sasa, kabla macho hayajachipua. Kata matawi ya mwaka jana, unene wa penseli, funga kwa kitambaa chenye unyevu, weka kwenye friji. Usiyaweke pamoja na matunda, gesi yake huua macho. Tafuta shina la kubebeshea. M9, aina ya shina la kubebeshea, huzaa mapema na hubaki fupi, ila huhitaji nguzo.

Mleta uzi: Ahsante mkuu, nampigia leo. Mbegu sitazitupa lakini.

Mama Wawili: Usizitupe! Mpigie kwanza.