Naomba ushauri: ndege wamejenga kwenye dari ya baraza

Mwenye Nyumba, Arusha: Ndugu zangu, ndege wadogo weusi wenye baka jeupe juu ya mkia wamekaa kwenye pembe ya dari ya baraza yangu, na kinyesi chao kimeharibu ukuta na sakafu. Kiota ni cha udongo, na manyoya yamechomoza mlangoni. Niwaondoeje bila kuwadhuru?

Binti Pwani: Shukuru kwamba si kunguru. Hapa Dar es Salaam walijenga kwa vipande vya waya juu ya tangi letu la maji, na kila aliyepanda kulisafisha alidonolewa kichwani.

Mzee Athumani: Mwanangu, ndege hao asili yao ni majabali, nasi ndio tuliowajengea majabali mapya. Kumfukuza aliyekuja kuzaa si uungwana.

Mpenda Ndege: Je, wamo makinda? Na haraka ni ya nini?

Mwenye Nyumba, Arusha: Makinda wamo, nawasikia wakilia wazazi wanapoingia. Sikulitaja hilo kwa sababu fundi wa rangi nimekwisha kumlipa malipo ya awali na anaanza Jumamosi, kwani wakwe wa mdogo wangu wanakuja kuleta posa. Siwezi kuwakaribisha penye uchafu. Tena ndege wana mabawa, watajenga kwingine.

Mdadisi: Samahani mkuu, naona umetunga. Huyo ni teleka, naye hajengi kwa udongo. Hudaka manyoya na majani makavu yanayopeperuka hewani, akayagandisha kwa mate.

Mwenye Nyumba, Arusha: Sijatunga. Waliojenga ni mbayuwayu wenye michirizi kifuani, waliobeba tope kutoka mtaroni. Hawa weusi walikuja baadaye wakawafukuza, ndipo manyoya yakaanza kuonekana.

Mpenda Ndege: Basi ni kweli, kwa maana teleka huvamia viota vya mbayuwayu. Makinda wao hukaa kiotani zaidi ya mwezi, na wakiangushwa kabla ya kuweza kuruka watakufa. Pigilia ubao chini ya kiota upokee kinyesi, fundi aanze na kuta nyingine, na asipulize rangi karibu na tundu. Wakisharuka wote, vaa barakoa, kiloweshe kiota, kibomoe, kisha uzibe pembe kwa wavu.

Mwenye Nyumba, Arusha: Ubao nitauweka, lakini pembe ile ndipo tulipopanga kuwakalisha wakwe.

Mzee Athumani: Wakalishe upande wa pili, mwanangu.